Tairi, oili na petroli kwa IST ya Tukuyu: uanze na nini?

Dada wa Tukuyu, ugonile. Swali lako ni refu, naomba nilifupishe ili na wengine wenye gari kama lako wafuate.

Una Toyota IST ya otomatiki, injini ya 1NZ yenye cc 1,500, iliyotoka Japani mwaka jana. Kila wiki unapanda nayo Mbeya mjini, siku nyingine unashuka Kyela kufuata mchele, na Desemba mnataka kwenda Dar es Salaam kifamilia. Matairi ni yaleyale yaliyokuja na gari, saizi 185/65R15, na bado yana kashata nzuri, yaani meno ya tairi,, ila mvua ikinyesha gari linateleza kwenye kona. Fundi wako anakuwekea oili namba 40 kwa kuwa "gari limetumika, linataka nzito". Kila ukifungua kifuniko cha oili asubuhi unakuta povu jeupe, na umeambiwa gasketi ya silinda hedi inakufa. Shemeji yako naye anasema gari linakosa nguvu kupanda Isyonje kwa sababu mafuta ya Tukuyu yamechakachuliwa, ingawa wewe mwenyewe umeona kwamba ukishuka Kyela linachangamka. Fedha haitoshi kufanya yote kwa mkupuo.

Anza na matairi. Oili haikudai fedha ya ziada, inakudai namba nyingine tu. Sheli yako iache kama ilivyo, shemeji ameisingizia.

Sasa chuchumaa pembeni ya gurudumu usome ubavu wa tairi. Nadhani utakuta neno STUDLESS, au mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Ukiangalia juu ya kila kashata utaona michirizi myembamba mingi, iliyochanwa kama kwa wembe. Hayo ni matairi ya barafu. Magari mengi ya Japani yanapandishwa melini yakiwa nayo, hasa yanayotoka mikoa ya kaskazini, na sisi huku tunayapokea kwa furaha kwa sababu kashata bado ni ndefu. Mpira wake umetengenezwa uwe laini kwenye baridi ya kugandisha maji. Ukiuweka kwenye lami ya Kyela yenye joto, kashata zinayumba chini ya uzito wa gari, breki inachukua umbali mrefu zaidi, na tairi linaisha upesi. Ile michirizi ni ya kung'ata barafu. Wingi wa maji barabarani unataka mifereji mipana inayoyafukuza pembeni, na mvua za Rungwe unazijua kuliko mimi. Kwa hiyo kuteleza kwako hakutokani na uendeshaji. Urefu wa kashata unakudanganya.

Ukiwa umechuchumaa hapohapo, tafuta herufi DOT. Mwisho wa mstari huo kuna tarakimu nne ndani ya duara refu. Zikisomeka 2317, tairi lilitoka kiwandani wiki ya 23 ya mwaka 2017. Upande mmoja huwa hauna tarakimu hizo, kwa hiyo usishangae ukilazimika kuingia chini ya gari kusoma upande wa ndani. Likishavuka miaka sita nalitilia shaka hata kama linang'aa, na likifika kumi sitaki kuliona barabarani, kashata ziwepo zisiwepo. Mpira unakauka kwa umri na jua. Nyufa ndogondogo ubavuni, mahali tairi linapojikunja, ndizo zinazokuja kupasuka gari likiwa na mzigo na mwendo.

Nikiambiwa nichague kati ya tairi jipya la Kichina la bei ya kati, lenye tarehe ya karibuni, na la mtumba lenye jina kubwa la Kijapani ambalo lina miaka minane, nachukua la Kichina bila kusita. Wapo mafundi wenzangu watakaokuambia kinyume. Waombe wakuonyeshe tarehe. Dukani pia angalia yanapokaa: yaliyopangwa nje kando ya barabara, yanapigwa jua mwaka mzima, si mapya sawa na yaliyokaa ndani, hata kama karatasi zake za kiwandani hazijabanduka.

Saizi usibadilishe. Baada ya 185/65R15 kuna namba ya uzito na herufi ya mwendo, kwa mfano 88S. Namba 88 maana yake tairi moja linabeba hadi kilo 560, na S ni mwendo wa hadi kilomita 180 kwa saa. Usikubali namba ya uzito iliyo chini ya ile ya sasa, wala maneno kwamba la size pana kidogo "litakaa vizuri zaidi". Na kwa kuwa umetaja mchele: matairi manne ya 88 yanabeba zaidi ya uzito wa IST, lakini springi na breki zake zilipimiwa watu watano na mizigo yao ya begani. Magunia mawili ya kilo mia na watu wanne ni kazi ya gari lingine.

Kama fedha inatosha mawili tu kwa sasa, yafunge nyuma. Najua fundi atabisha, kwa sababu IST inavutwa na magurudumu ya mbele na ya mbele ndiyo yanayoisha kwanza. Lakini fikiria kona yenye maji pale unapoteremka kuelekea Kiwira. Ya mbele yakiteleza, gari linakwenda moja kwa moja kidogo, unaachia mafuta, linarudi. Ya nyuma yakiteleza, mkia unazunguka na hakuna usukani utakaokuokoa. Yaliyo bora hukaa nyuma. Mengine mawili nunua kabla ya safari ya Desemba, maana Dar sitaki uende na mchanganyiko huo.

Yakishafungwa, fanya alaimenti na balansi siku hiyohiyo. Kisha yabadilishane mbele na nyuma kila baada ya kilomita 10,000 ili yaishe kwa pamoja. Kashata ikifika milimita 1.6 tairi limekwisha. Kuna vinundu vidogo ndani ya mifereji vinavyoonyesha kipimo hicho, kashata ikilingana navyo basi. Kwa mvua za kwenu mimi ningebadilisha kwenye milimita 3. Tairi kipara lililochongwa kashata upya kwa kisu cha moto usilikubali hata kwa kuazima, kwa sababu kinachochongwa pale ni mpira unaofunika nyuzi. Pancha ya katikati ya kashata inazibika. Ya ubavuni haizibiki, hata fundi akuapie.

Kuhusu upepo, fungua mlango wa dereva utaona kibandiko kwenye nguzo. Kimeandikwa kwa kPa: 220 ni psi 32, na 230 ni psi 33. Hicho ndicho kipimo, na hupimwa tairi likiwa halijatembea. Vijana wengi wa pancha hujaza 40 "ili lisichoke", na matokeo yake linakanyaga kwa katikati tu, linaruka kwenye mashimo na kuteleza zaidi kwenye maji. Wewe una jambo la ziada ambalo dereva wa Dar hana. Kyela iko kama mita 500 juu ya usawa wa bahari, Mbeya mjini kama mita 1,700. Ukijaza upepo Kyela mchana kwenye joto la nyuzi 30, kisha ukapima Mbeya asubuhi ya Julai kwenye nyuzi 8, baridi itakuwa imekunyang'anya zaidi ya psi 3. Kupanda mlima kunarejesha karibu 2, kwa sababu hewa ya nje inayolikandamiza tairi ni nyepesi zaidi huko juu. Tofauti inayobaki ni ndogo. Kwa hiyo usikimbizane na geji kila unapofika mji mpya; pima Tukuyu nyumbani asubuhi, mara mbili kwa mwezi, na la akiba ulipime pia. La akiba ndilo ambalo kila mtu hulisahau hadi siku ya pancha.

Kabla sijaacha magurudumu, kuna mteremko. Ukitoka Mbeya kwenda Dar, Kitonga utaiteremka, na malori yatakuwa mbele yako yanashuka taratibu kwa gia nzito. Usishuke na D huku mguu umeganda kwenye breki. Zima O/D, yaani gia ya juu kabisa, kwa kile kitufe cha kwenye gia, taa ya O/D OFF iwake kwenye dashibodi, na mteremko ukiwa mkali weka 2 kabla ya kuuingia. Injini itanguruma kidogo, iache ingurume, ndiyo inayokushikilia. Breki ikitumika peke yake diski zinaiva, mafuta ya breki yakiwa ya zamani yanakuwa yameshanyonya unyevu, yanachemka, na kanyagio linazama hadi chini. Yabadilishwe kila baada ya miaka miwili. Gari lililotoka Japani na ambalo hujui historia yake, yabadilishe sasa.

Na kamwe usiweke N mteremkoni ukidhani unabana petroli. Katika injini ya sindano kama yako, ukiachia mafuta gari likiwa kwenye gia, kompyuta hukata petroli na magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukiweka N, injini inabaki peke yake na lazima inywe petroli ili isizimike. Anayeshuka fri anatumia zaidi, na breki ya injini ameitupa.

Oili. Namba 40 tupu ni oili ya uzito mmoja: ni nzito ikiwa baridi, na ikipata moto inabaki ya namba 40. Injini ya 1NZ ilitengenezewa 5W-30. Namba ya kwanza, ile yenye W, inaeleza oili inavyotiririka kwenye baridi. Ya pili ni uzito wake injini ikiwa imepata moto. Asubuhi ya Juni au Julai huko kwenu na Mbeya si sawa na asubuhi ya Kyela, na sehemu kubwa ya uchakavu wa injini hutokea katika zile sekunde za kwanza, kabla oili haijapanda juu kwenye kamshafti. Oili nzito inachelewa. Zaidi ya hapo, mfumo wa VVT-i, unaopanga wakati wa valvu kufunguka, unaendeshwa na presha ya oili kupitia vitundu vidogo, na oili nzito inaufanya uwe mzito vilevile.

"Gari limetumika" si sababu ya kutosha. Jiulize kama injini inakula oili. Pima leo, andika, pima tena baada ya kilomita 1,000. Kama haijashuka sana, rudi kwenye 5W-30, au 10W-30 ukiikosa. Kama inashuka hadi unalazimika kuongeza kati ya servisi na servisi, 10W-40 ni suluhisho la haki. Namba 40 tupu na 20W-50 waachie wenye injini za zamani zilizochoka. Kwenye kopo tafuta pia herufi za API, alama ya daraja la oili: SN au SP kwa petroli. Herufi zinazoanza na C zikiwa peke yake, kama CI-4, ni za dizeli.

Kupima kwenyewe kunataka mahali tambarare, na Tukuyu hapo ndipo kazi ilipo. Gari likiinama tu kijiti kinadanganya. Zima injini, subiri dakika tano, futa kijiti, chovya tena, soma. Usiogope rangi nyeusi. Oili inayosafisha lazima ichafuke.

Kuna jambo moja dogo ambalo magereji mengi hulikosea kwa IST. Injini hii ukibadilisha oili pamoja na filta inachukua lita 3.7. Kopo ni la lita 4. Fundi anamimina lote "lisibaki", na oili inazidi alama ya juu. Oili iliyozidi hupigwa na krenki ikatoa povu, na povu halibebi uzito wa vyuma vinavyosuguana. Mwambie amimine lita tatu na nusu, apime, aongeze kidogokidogo, na kinachobaki uondoke nacho ndani ya buti.

Badilisha kila kilomita 5,000 au miezi sita, ipi itangulie, na filta mpya kila mara. Oili ya sintetiki hutajwa kuwa inakwenda 10,000, lakini milima, vumbi na safari fupi za baridi ni kazi ngumu, nami kwa njia zako sifiki huko. Nunua kwa wakala unayeweza kumrudia, uzi wa kifuniko uukate wewe mwenyewe, na kopo tupu litoboe kabla ya kulitupa. Makopo mazima ndiyo yanayojazwa upya na kuuzwa kama mapya.

Povu jeupe. Usifumue injini! Injini inapowaka hutoa mvuke wa maji, na kidogo hupenya hadi kwenye oili. Ukienda safari ndefu, joto linaukausha. Ukizunguka Tukuyu mjini asubuhi ya baridi dakika chache kisha ukazima, mvuke unageuka maji chini ya kifuniko, sehemu ya baridi kuliko zote, ukichanganyika na oili unakuwa kama maziwa. Gasketi ikifa huonyesha mengine: kijiti chenyewe kinatoka na rangi ya chai ya maziwa, maji ya rejeta yanapungua bila kuvuja, au eksozi inatoa moshi mweupe usiokoma hata injini ikiwa na moto. Hujaandika hata kimoja.

Nina shaka na kitu kingine. Muulize fundi kama thamostati, ile valvu inayozuia maji ya rejeta hadi injini ipate moto, imeondolewa. Wengi huitoa kwa kisingizio kwamba gari "lisichemshe", mazoea yaliyopanda milima kutoka joto la pwani. Bila thamostati injini yako haifiki joto lake la kazi katika baridi hii, kwa hiyo kompyuta inaendelea kuipa petroli nyingi kama injini baridi, na oili inabaki na maji. Kama haipo, irudishwe. Na weka kuulanti badala ya maji ya bomba: kwenye mita 2,000 maji matupu huchemka kwenye nyuzi kama 93.

Petroli sasa, kwa kifupi. Umejijibu mwenyewe: ile petroli unayojaza Tukuyu ndiyo inayochangamka Kyela. Ingekuwa imechakachuliwa isingepona kwa kuteremka. Isyonje ni zaidi ya mita 2,000, na huko hewa ni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko pwani. Injini isiyo na tabo huvuta hewa iliyopo tu, kwa hiyo katika nguvu za farasi kama 110 ilizotoka nazo kiwandani, pale juu huna zaidi ya 90 hivi. Hakuna sheli inayouza dawa ya hilo. Shusha gia mapema, uache injini izunguke. Badilisha filta ya hewa kama ina vumbi, na angalia plagi. Zile chupa ndogo za kuongeza nguvu unazouziwa kaunta ziache. Petroli ya oktani ya juu pia haitakusaidia: hewa nyepesi hupunguza uwezekano wa injini kugonga, na 1NZ haikuhitaji hata pwani.

Uchakachuaji upo, sikatai. Mwaka 2011 Serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuyachanganya kusiwe na faida, na mafuta ya soko la ndani huwekewa vinasaba, yaani alama ya kemikali, ili wakaguzi wayatambue. Dalili zake ni gari kuanza kumisi au kugonga muda mfupi baada ya kujaza, kuwaka kwa shida na kutoa moshi ambao haukuwepo. Zikitokea, usiendelee kuongeza hapohapo. Kujaza alfajiri ili upate petroli "nzito" hakuna maana, matangi yako chini ya ardhi na joto lake halibadiliki kati ya asubuhi na mchana. Bei kikomo ya kila mji hutangazwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kila mwezi, na Tukuyu kuwa juu kuliko Dar ni nauli ya kuyafikisha huko, wala si dhuluma ya mwenye sheli.

Usiendeshe hadi taa ya mafuta iwake. Pampu iko ndani ya tangi na inapozwa na petroli iliyoizunguka, na kwenye milima kidogo kilichobaki kinakimbilia upande mmoja wa tangi, pampu ikavuta hewa. Robo tangi iwe ndiyo mwisho wako. Safari ya Dar jaza Uyole, ongeza Makambako au Mafinga ukiwa bado na nusu, usiingie Kitonga ukitazama sindano. Na risiti ya EFD idai kila mahali. Petroli ikileta matatizo, hiyo ndiyo itakayoonyesha ulijaza wapi na saa ngapi.